Kikohozi cha Kungojwa na Kikohozi cha Kubebwa: Historia ya Uuguzi wa Nyumbani katika Mbulu na Hanang

Tabibu wa kwanza wa mafua na kikohozi, tangu zamani na katika kila nchi, ni mama wa nyumba, na wodi ya kwanza ni kitanda cha mgonjwa mwenyewe. Lakini ziko nchi ambamo tabibu huyo ana zahanati mtaani na duka la dawa kwenye kona, na ziko nchi ambamo kwa zama nyingi alikuwa peke yake na usiku, baridi na njia ndefu. Mbulu na Hanang ni katika hizo za pili. Mzazi wa huko alilazimika kukata shauri ambalo mwenzake wa mjini aliweza kuliahirisha mpaka asubuhi: kikohozi cha mtoto huyu ni cha kungojwa, kwa uji na joto la mekoni, mpaka kiishe chenyewe, au ni cha kubebwa mgongoni saa hii hii, kushuka genge na kuvuka korongo mpaka kwa mwenye dawa? Historia ya maradhi ya kifua katika wilaya hizi mbili, ukiitazama kwa makini, ni historia ya shauri hilo: nani alilikata, kwa ilimu gani, na kwa gharama ipi.

Nchi yenyewe ndiyo iliyoanza kulitia uzito. Wilaya hizi, ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara na kabla ya hapo zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha, zimekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kusini umesimama Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, na mji wa Katesh uko chini yake. Kaskazini nyanda za Mbulu zinapanda mpaka mita 2,000 na kupita, na katika miezi ya Juni na Julai ukungu hushuka juu ya mashamba ya Irqwar Da'aw, kiini cha kale cha makazi ya Wairaqw, ukakaa hata jua likaribie utosini. Baridi si yenyewe izaayo mafua, kwa kuwa mafua huzaliwa na virusi vipitavyo kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Lakini baridi huwakusanya watu ndani, ikawafungia mlango na kuwaketisha bega kwa bega penye moto mmoja, na hapo virusi hupata kila kitu vinachokihitaji.

Ndani huko kulikuwaje? Nyumba ya kale ya Mwiraqw ilichimbwa ubavuni mwa kilima, ukuta wake wa nyuma ukawa ni mlima wenyewe, na paa lake bapa likafunikwa udongo na majani hata mpita njia wa mbali asiitambue. Henry Fosbrooke, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyekuwa mtafiti pia, aliandika mwaka 1954 juu ya hila za makabila ya kaskazini za kujikinga na adui, na mashimo na nyumba za Mbulu za kujificha zilikuwa miongoni mwa alizozieleza, kwa kuwa adui aliyeogopwa alikuwa Mmasai mwenye kutaka ng'ombe. Kwa ajili hiyo ng'ombe, mbuzi na wana wa Adamu walilala chini ya paa moja, penye joto la wanyama na moto wa kuni, na moshi haukuwa na pa kutokea ila mlangoni. Nyumba hiyo ilikuwa ngome njema dhidi ya mkuki na dhidi ya baridi. Dhidi ya maradhi ya kifua ilikuwa mshirika wa adui, kwa kuwa moshi huunguza utando laini wa njia ya pumzi, na mtoto avutaye moshi kila jioni, akipatwa na mafua ambayo mwenzake angeyashinda kwa juma moja, huwa karibu zaidi na nimonia. Hata hivyo haifai kumlaumu aliyejenga hivyo. Alikuwa na maadui wawili, akachagua kumkinga mwanawe na yule aliyemwona kwa macho.

Majirani zake hawakuishi hivyo wote. Wahadzabe wa bonde la Yaeda na kando ya Ziwa Eyasi walikaa kambi ndogo ndogo, wakahama mara kwa mara, na maradhi ya mlipuko yanayohitaji umati ili yaendelee hayakupata kwao kuni za kutosha. Wabarabaig wa tambarare za Hanang, walio katika Wadatoga, walikaa katika maboma ya miiba yaliyotengana, kila boma na ng'ombe wake, na umbali wa boma hadi boma ulifanya kazi ya karantini bila ya mtu yeyote kuamrisha.

Kwa Wairaqw, walioishi karibu karibu, umbali ulibidi uwekwe na desturi. Walikuwa na mila iliyoitwa metimani, ambayo kwayo mtu au aila nzima iliyopatwa na misiba ya namna fulani, hususan baadhi ya vifo, ilihesabiwa kuwa na unajisi wenye kuambukiza, ikatengwa na jirani: haingii nyumba ya mwingine, haishiriki pombe wala chombo, hata muda uishe. Mila hii haikuwa kanuni ya utabibu. Ilikuwa kanuni ya utakaso, na dhuluma yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa aliyefiwa alinyimwa faraja saa ile ile aliyoihitaji. Lakini atakayesoma historia kwa insafu ataona kwamba watu hao, kabla ya kusikia habari za vijidudu, walikwisha kuamini kwamba dhara huweza kupita kwa mguso na kwa kikombe, na kwamba nyumba yenye dhara inastahili kukaa mbali na nyumba isiyo nayo. Kadhalika, balaa ya jumla ilipokabili nchi, wazee wa aya, yaani wa eneo lenye mipaka yake na wazee wake, walizungusha mnyama wa kafara kwenye mipaka hiyo, wakaomba Lo'aa, ambaye ni Mungu wao na ambaye jua ni lake, aitoe balaa nje ya mpaka. Mpaka wa aila na mpaka wa nchi: kwa yote miwili kinga ilikuwa ni kutenga.

Ama kwa tiba yenyewe, mganga aliyethaminiwa aghalabu alikuwa mgeni. Ole Bjørn Rekdal, mwanazuoni wa Kinorwei aliyeishi na Wairaqw, aliandika mwaka 1999 juu ya tabia yao ya kutafuta uponyaji nje ya kabila lao, na hasa kwa Wadatoga, ambao baina yao na Wairaqw palikuwa na ng'ombe walioibwa na damu iliyomwagika. Jambo hili lina faida kulikumbuka, kwa kuwa linaeleza kwa nini hospitali ya wageni, ilipokuja, haikukimbiwa: watu waliozoea kumfuata mganga wa kabila jingine hawakuona ajabu kumfuata mganga wa nchi nyingine. Lakini katika mapokeo ya tiba yaliyoenea kwingi nchini Tanzania palikuwapo pia la kuhuzunisha, nalo ni kukata kimeo. Mtoto akikohoa majuma mawili matatu, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa kilihukumiwa kuwa ndicho kisababishacho, kikakatwa kwa chuma kisichochemshwa. Kikohozi cha virusi hudumu majuma mawili, na mara nyingine matatu, kisha huondoka chenyewe. Basi mkataji aliyeitwa katika juma la tatu alisifiwa kwa kupona ambako kungetokea bila yeye, na mtoto aliyevuja damu au kupata pepopunda alihesabiwa kuwa kikohozi chake kilikuwa kikali mno.

Hayo yote yalikuwa ni maarifa ya kukabili kikohozi cha kawaida na balaa za mahali. Mwaka 1918 ulimwengu ulileta kikohozi cha namna nyingine. Nchi ya Tanganyika ilikuwa imechoka kwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, yalipita Ufiome na kutwaa Kondoa Irangi, na kwa miaka miwili iliyofuata vyakula, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo vilichukuliwa na pande zote mbili. Kusini, katika Ugogo, njaa kuu iitwayo Mtunya ilikuwa inaua. Katika hali hiyo, mwezi wa Septemba 1918, homa ya mafua iliyokwisha kuizunguka dunia iliingia Afrika Mashariki kwa bandari, ikapanda reli, ikafuata barabara za wapagazi waliokuwa wakirejea makwao. Vita vilikwisha Novemba. Homa haikutia saini mkataba wowote. Baadhi ya askari na wapagazi wa Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, waliosalimika na risasi kwa miaka minne, walikufa kwa mafua wakingojea kurudishwa makwao. Makisio yanayotajwa kwa Tanganyika nzima ni vifo baina ya 50,000 na 80,000, na kwa dunia ni milioni 50 au zaidi.

Jambo lililowatisha watu wa zama zile si wingi wa maiti peke yake, bali ni maiti za nani. Mafua ya kila mwaka huchukua wazee na watoto wachanga, na jamii, japo kwa uchungu, ina namna ya kuyastahimili. Haya yaliwachukua walio katika ujana wao, wenye kulima na wenye kunyonyesha, hata nyumba ikabaki na wagonjwa bila muuguzi. Wala matabibu wa Ulaya hawakuwa na cha kuwazidi wazee wa vijijini, kwa kuwa wengi wao walidhani kisababishi ni bakteria. Virusi vya mafua ya binadamu havikutengwa maabarani ila mwaka 1933, mjini London. Kwa hiyo katika mwaka ule tabibu wa boma na bibi wa mekoni walikuwa na dawa zile zile: maji, joto, chakula chepesi na kukaa mbali na wengine. Na aliyepata mtu wa kumpa hayo kila siku alikuwa na matumaini zaidi kuliko aliyelala peke yake.

Baada ya hapo zilikuja dawa, na pamoja nazo likaja kosa jipya. Tangu miaka ya ishirini serikali ya Waingereza na wamisheni walieneza sindano za buba, na vidonda vilivyokaa mwilini kwa miaka vikakauka mbele ya macho ya watu. Kisha ikaja penisilini, na nimonia iliyokuwa hukumu ya mauti ikawa ni maradhi ya kutibika. Mwaka 1955 Wanorwei wa misheni ya Kilutheri walifungua hospitali Haydom, zaidi ya kilomita 80 kutoka mji wa Mbulu, mahali ambapo wengi walipahesabu kuwa mwisho wa nchi. Na Dakta Ole Halgrim Evjen Olsen, aliyefika mwaka 1961, aliitumikia kwa miongo mingi hata ikawa kimbilio la watu wa Mbulu, Hanang, Singida na kwingineko. Fadhila ya hospitali hiyo haina haja ya kusifiwa na kalamu. Lakini sifa ya sindano ilizidi mipaka yake: mtu aliyeona penisilini ikimfufua mwenye nimonia aliitaka pia kwa mafua, na penisilini kwa mafua ni kama jembe kwa nzige, chombo chema kisichohusiana na adui. Virusi haviuawi na dawa za bakteria. Mgonjwa wa mafua aliyechomwa sindano alipona siku ya saba, kama ambavyo angepona bila sindano, na sindano ikapewa ijara ya siku. Mashtaka yaliyomfaa mkata kimeo yalimfaa pia, kwa kiasi chake, muuza sindano.

Wakati huo huo namna ya kuishi ilikuwa inabadilika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa katika Operesheni ya Vijiji ya miaka ya sabini, watu waliotawanyika walikusanywa, Wabarabaig miongoni mwao, huku mashamba makubwa ya ngano yakitwaa malisho yao ya Basotu. Mwaka 1977 ukaanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Shule ni neema, na darasa lenye watoto wengi kwenye benchi chache ni soko la virusi. Mafua yaliyokuwa yakifia bomani yakaanza kusafiri kila jioni na madaftari. Lakini kijiji kilicholeta mafua ndicho pia kilicholeta redio, zahanati na chanjo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchini katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, na kifua kikuu kilikuwa katika masomo yake. Mpango wa taifa wa chanjo ulioanza 1975 uliwapa watoto kinga ya surua, maradhi ya virusi yapitayo hewani ambayo yalikuwa yakiacha nyuma yake nimonia na upofu. Mwezi wa Januari 2013 ikaongezwa chanjo ya bakteria wa nimonia wanaoingia kwa mlango ambao virusi vimeuacha wazi.

Katika yote hayo, hata hivyo, shauri la usiku lilikuwa bado halijapata mizani. Mama aliambiwa awahi hospitali, lakini hakuambiwa awahi kwa kikohozi kipi. Mizani ilitoka pwani. Katika miaka ya themanini ya mwanzo, katika Wilaya ya Bagamoyo, wahudumu wa afya wa vijiji walitumwa nyumba kwa nyumba wakawafundisha akina mama kutambua nimonia, wakawapa watoto walioipata dawa ya vidonge hapo hapo, na wale mahututi wakawapeleka mbele. Mtango na Neuvians, waliouongoza mradi huo, walitangaza mwaka 1986 kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya robo katika muda wa miaka miwili. Ilimu hiyo, pamoja na iliyokusanywa katika nchi nyingine, ikawa msingi wa mafunzo ya Shirika la Afya Duniani yanayotumika leo katika zahanati za Mbulu na Hanang kama kwingineko.

Inastahili kuitazama ilimu hii kwa karibu, kwa kuwa haidai chombo chochote ila saa. Mtoto ametulia, halii wala hanyonyi. Mama amefunua nguo, ameweka macho kati ya kifua na tumbo, na kila kinapopanda anahesabu moja, kwa dakika nzima. Mchanga wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60, wa miezi miwili mpaka kumi na mmoja akifika 50, na wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40, hicho si kikohozi cha kungojwa. Kadhalika kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu, au anapatwa na degedege, au amelegea na kusinzia kupita kiasi, au midomo imegeuka rangi. Na mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa hubebwa bila ya kuhesabiwa chochote. Asiye na dalili hizo ana mafua, na mafua hutaka alivyoyapa bibi yake: maziwa ya mama mara nyingi zaidi, uji mwepesi, maji, pua iliyosafishwa, asali kidogo kwa aliyepita mwaka mmoja, parasetamoli kwa kipimo chake homa ikimsumbua, wala si aspirini kwa mtoto, na kulala mbali na moshi. Na kikohozi cha mtu yeyote kilichopita majuma mawili kipelekewe kipimo cha makohozi, kisije kikawa ni kifua kikuu.

Halafu, tarehe 16 Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa, naye alikuwa Arusha, mkoa jirani. Nchi ikarudi kwenye sufuria. Majani ya mkaratusi, mchaichai, tangawizi na malimau yalichemshwa, blanketi likatandazwa juu ya kichwa, na kujifukiza, desturi iliyokuwa ikififia kwa vijana, kukahimizwa mpaka na viongozi wa taifa. Chanjo ya korona haikuja ila tarehe 28 Julai 2021, ilipozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan. Insafu yataka tuseme yote mawili juu ya kujifukiza. Mvuke hulegeza kamasi na kumpa mtu mzima raha ya saa moja, na katika hilo hakuna wa kumdhihaki bibi. Lakini hauui virusi mapafuni, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto ni ajali inayongoja kutokea. Kosa halikuwa katika kujifukiza. Lilikuwa katika kukufanya kujifukiza kuwe ni jawabu la shauri, hata aliyekuwa akihema alipewa nyungu nyingine badala ya kupewa usafiri.

Tukikusanya karne nzima, tunaona kwamba nyumba za Mbulu na Hanang hazikupungukiwa na huruma wala hazikupungukiwa na maarifa ya kutenga. Zilipungukiwa na mizani na njia. Mizani sasa ipo, na haina bei. Njia imefupishwa kwa kiasi, ingawa masika hukata korongo kama zamani. Lakini liko jambo la tatu ambalo wafunzi wa afya hulipita haraka. Ilimu ya kuhesabu pumzi hufundishwa kliniki, na kliniki huendwa na akina mama. Ilhali katika nyumba nyingi mwenye kauli juu ya mbuzi atakayeuzwa, nauli itakayolipwa na safari itakayofungwa usiku ni baba, au ni mama mkwe. Mama aliyehesabu 54 na kusema kweli huweza kujibiwa kwamba ni mafua tu, angoje asubuhi. Ikiwa shauri hukatwa na watu watatu, basi hesabu ifundishwe watu watatu: iingie katika mkutano wa kijiji, misikitini na makanisani, mnadani wanakokutana wanaume, na katika madarasa ya watoto ambao kesho watakuwa baba na mama wakwe.